Joto la Saa Sita

Ofisini kwetu hapa Mukendo, mimi ndiye msimamizi wa chumba cha seva. Kuna programu inayonionyesha joto la kila mashine, na wiki nzima ilikuwa inalia kila ikifika saa sita mchana. Nikamshuku Marwa, mlinzi wetu. Nani mwingine angenizimia kiyoyozi? Nikamvizia, nikahesabu hata safari zake za chooni, mwisho nikamshtaki kwa meneja.

Jana tukaingia wote watatu. Meneja akazunguka nyuma ya seva, akachomoa bakuli la sato na ugali lililoziba tundu la kutolea joto.

"La nani hili?"

Nikatazama dari.

"La huyu, bosi," Marwa akasema. "Analiwekaga hapo saa tano lipate moto. Nilijua ndiyo kazi ya hiyo mashine."