Kiingilio cha Pareto

Ili niuze pareto yangu, niliambiwa nilipe kwanza. Narudia: niuze, si ninunue. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza. Kampuni iliyoleta lori lake mpaka Igowole kununua maua yetu ilitaka kila mkulima atoe kiingilio, na juu yake ada ya ofisi, ndipo gunia lake lipimwe. Ofisi yenyewe hatukuwahi kuiona. Tulimwona karani tu, na meza yake ya kukunja.

Nilikuwa mjane, na mwanangu alikuwa amepata nafasi ya shule Tosamaganga. Karo yake ilikuwa ndani ya gunia lile. Maua yale niliyakausha mwenyewe kwa moto wa polepole, macho yakiniwasha kwa moshi, halafu mtu wa viatu safi ananiambia nijiunge! Nijiunge na nini? Nilichemka.

Kwetu ukitaka watu waje kukulimia, unatafuta kwanza ulanzi, pombe ya mianzi, uwaandalie. Anayeita ndiye anayegharamia. Sijapata kuona mtu aliyekuja na jembe lake akadaiwa kiingilio. Nikamweleza karani hivyo hivyo, mbele ya foleni nzima.

"Wewe ndiye uliyetuita, baba. Ulanzi wako uko wapi?"

Wanawake wenzangu wakaangua kicheko. Nikakaa juu ya gunia langu, nao wakakaa juu ya yao. Lori likabaki tupu, na mawingu yakaanza kushuka kutoka vilimani. Pareto iliyokaushwa ikilowa inaoza, na roho yangu ilikuwa juu juu. Lakini sikuinuka. Nilijua karani naye hawezi kurudi Iringa na lori tupu. Angemweleza nini bwana wake?

Matone ya kwanza yalipodondoka alinijia, akaninong'oneza. "Mama, la kwako nitalipima bure. Ila usiwaambie wengine."

Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Kisha nikageuka, nikapaza sauti kwa Kihehe, ili hata bibi wa mwisho kwenye foleni anisikie:

"Jamani, amesema ni bure!"

Wakainuka wote kwa pamoja, na magunia yakaanza kupanda kwenye mizani kabla karani hajafungua mdomo.