Herufi ya Rori

Jumanne nilikuwa kwenye saiba moja ya intaneti hapa Kitale, nikingoja kuchapisha barua ya kuomba kurudi shuleni. Kando yangu dada mmoja alikuwa amebakiza dakika kumi aingie kazini. Kazi yake iko kwenye kompyuta ya mbali, ambayo humkubali tu akipitia modemu ya nyumbani kwao Bungoma. Mhudumu wa saiba alitaka kuingia kwenye modemu hiyo kwa mtandao ili impitishe, lakini nenosiri lilikuwa limebandikwa chini ya modemu yenyewe, kule nyumbani. Dada akampigia babake, akaweka simu kwenye spika.

"Herufi ya kwanza ni gani, mzee?" mhudumu akauliza.

"Ile ya rori."

Mhudumu, ambaye si wa huku, akaandika R, kisha tarakimu alizosomewa baada yake. Ikakataa.

"Ya nini, mzee?"

"Si nimesema rori, bana!"

R tena. Ikakataa. Saiba nzima ikaangua kicheko, mmoja akaiga, "Rori! Rori!" Dada akaziba spika kwa kiganja, akainama.

"Baba, ongea vizuri. Watu wanakucheka."

Mhudumu akajaribu R mara ya tatu, modemu ikajifunga hadi kesho yake. Dakika kumi zikaisha, zamu ya dada kazini ikapewa mwingine.

Mzee bado alikuwa kwenye simu. "Nimeongea hivi tangu ukiwa mtoto, mama," akasema polepole. "Na ulikuwa unanisikia."

Nani wa huku asiyejua kwamba rori ni lori, na herufi yake ni L? Sote tulijua, hata mimi. Tulikuwa tu na shughuli ya kucheka.