Kesi ya mbaazi za Mama Zaina: nilisikiliza pande zote mbili na kila upande ukanishinda

Wakuu, salaam kwenu mlioko kazini mkijifanya mnafanya kazi, na mlioko nyumbani mkijifanya mnatafuta kazi.

Leo naleta kisa changu mwenyewe. Hakuna "rafiki yangu mmoja" hapa. Majina tu ndiyo nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea, pamoja na sehemu zinazonitia aibu.

Wanaonifahamu humu wanajua mimi ni mbishi. Ukisema chai ya maziwa ni tamu, nitakuuliza tamu kuliko nini. Sasa mtu wa namna hiyo siku moja akakabidhiwa ugomvi wa kijiji asikilize. Vuteni viti.

Mimi ni Msambaa, nimekulia Kilole pale Korogwe mjini. Nina duka la dawa za mifugo na pembejeo kwenye kijiji kimoja huku Handeni. Wazigua wakulima wananunua mbegu kwangu, Wamasai wafugaji wananunua dawa za kupe. Wote wananiita dokta, na mimi sijawahi kukanusha.

Kuna mama mmoja Mzigua, mjane, tumwite Mama Zaina. Ana mashamba mawili. Moja liko karibu na nyumba yake, kuelekea barabarani. La pili liko ng'ambo ya korongo, mwendo wa kutosha kutoa jasho.

Na kuna mfugaji, tumwite Lazaro, Mmasai, umri kama wangu. Yeye na Mama Zaina walikuwa wameshibana kweli. Lazaro alimwita yeyo, yaani mama kwa Kimasai, na kila Ijumaa alimpelekea kibuyu cha maziwa. Mama Zaina naye akivuna maboga, la kwanza linakwenda bomani kwa Lazaro. Na kila mwaka mahindi yakishavunwa, anamwita aingize ng'ombe wale mabua.

Mwaka huu akavuna, akapita dukani kwangu. Simu yake haikuwa na chaji, na hata ikiwa nayo, kuandika meseji ni kazi asiyoiweza. Akaniomba nimpe Lazaro taarifa. Nikatuma, nikaendelea na wateja wangu.

Kesho yake ng'ombe wa Lazaro wakaingia shamba la karibu na nyumba. Mwaka huu katikati ya mahindi lile shamba lilikuwa na mbaazi. Mahindi yalishatoka, mbaazi zilibaki zimesimama kijani, zina maganda yanayoanza kujaa. Mama Zaina alikuwa kwenye arobaini kijiji cha pili. Aliporudi jioni akakuta vijiti.

Wakuu, mbaazi zinakaa shambani miezi mingi. Unapalilia, unafukuza nyani, unasubiri. Kwa yule mama ndiyo ilikuwa mboga ya mwaka mzima na futari ya Ramadhani.

Lakini kilichomuua kabisa ni cha asubuhi iliyofuata. Lazaro alikuja na kibuyu kimejaa pomoni, anacheka, akasema: "Yeyo, asante sana. Ng'ombe wameshiba vizuri mno."

Fikiria mtu amekula mbaazi zako zote, halafu asubuhi anakuja kukushukuru!

Mama Zaina alimfukuza na mwiko. Mchana ng'ombe walipopita jirani na kwake, akasaidiwa na majirani kumkamata mmoja, ng'ombe mwenye ndama mchanga, akamfunga kwenye nguzo ya banda la kuku. Akasema hatoki mpaka mbaazi zirudi zilivyokuwa.

Mambo ya wakulima na wafugaji mnayajua. Kufika siku ya pili, vijana wa upande huu walishaanza kunoa maneno, na wa upande ule wanatembea kwa makundi na fimbo. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mhando, akaona moshi. Akaja dukani.

"Dokta, wewe si wa huku wala si wa kule. Wote wanakusikiliza. Nenda kazungumze na pande zote mbili, Jumapili tukae uniambie ulichokiona."

Nikavimba kichwa, sitaficha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, na hata ule ujumbe wa Mama Zaina niliufikisha mimi neno kwa neno.

Nikaanza na Mama Zaina. Nikamkuta anamnywesha mateka wake.

Shida ya maji ya Handeni hamuijui nyie wa mabondeni. Mama wa watu anabeba ndoo kichwani kutoka lambo, anamnywesha ng'ombe wa adui. Na ng'ombe hana shukrani, alikuwa ameshatafuna kanga moja kwenye kamba. Maziwa jirani alimsaidia kukamua, lakini yamekaa tu kwenye sufuria.

"Shikamoo mama. Mbona huyanywi?"

"Marahaba. Maziwa ya kesi hayapiti kooni, baba."

Akanieleza. Yeye alisema mabua ya shamba la ng'ambo ya korongo. Lazaro akaingiza ng'ombe shamba la nyumbani kwa sababu liko karibu na boma lake, uvivu tu. Akalisha mbaazi mchana kweupe, kisha akaja kumkejeli mlangoni.

"Ningekuwa na mume angethubutu?" Akafuta macho kwa upande wa kanga.

Nilitoka pale nimekasirika mimi kama shamba ni langu. Nikiwa njiani nilishatunga hukumu: Lazaro alipe, aombe radhi hadharani, na kibuyu chake akivunje.

Nikafika bomani. Kabla sijakaa nikamsikia ndama. Analia huyo, sauti imekauka. Mke wa Lazaro anamnywesha maziwa kwa chupa, ndama anageuza kichwa kumtafuta mama yake.

Lazaro hakupandisha sauti hata mara moja.

"Dokta, nimeambiwa nilete ng'ombe kule, nimepeleka kule. Kule ni palepale pa mwaka jana na mwaka juzi. Nimekuta mbaazi bado kijani, nikashangaa. Nikasema moyoni, yeyo mwaka huu kanipenda, kanipa na mbaazi. Ndiyo maana nikapeleka maziwa ya kushukuru. Akanipiga na mwiko. Mwizi gani anarudi na maziwa?"

Kisha akaniuliza swali lililonikaa moyoni: "Ananywa maji? Yule ng'ombe hapendi maji ya tope. Na yeyo mgongo unamuuma, nani anambebea?"

Hapo hukumu yangu ya njiani ikayeyuka. Nikatoka nimeshakuwa wakili wa Lazaro. Nikaanza kumlaumu Mama Zaina kwa kumtesa ndama asiye na hatia.

Yaani kwa siku moja nilikuwa nimeshinda kesi mara mbili, kila mara kwa upande tofauti, na kila mara nina uhakika kabisa. Ndivyo tunavyofanya humu jukwaani. Anayewahi kutusimulia ndiye tunayemwamini, wa pili tunamsikiliza kwa kumtafutia kosa.

Jumamosi nilikwenda Korogwe kufuata mzigo wa dawa. Nikapitia Kilole kumsalimia mama yangu. Mama ni mzaliwa wa Mpale, kule milimani kwetu, na ulimi wake hauna breki. Nikamkuta anachambua maharage barazani, nikamsimulia kesi yote huku najisifu ilivyo ngumu.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja.

"Huyo mama alikwambiaje? Sema kama alivyosema yeye, usinifupishie."

Nikamuigiza Mama Zaina: "Mwambie Lazaro mahindi nimeshavuna, alete ng'ombe wale mabua kuleeeee."

Na kidevu nikakiinua, kama alivyokiinua yeye.

Mama akaacha maharage. "Na wewe ukaandikaje?"

Nikatoa simu. Nikasoma kwa sauti: "Mama Zaina anasema mahindi kavuna, lete ng'ombe wale mabua kule."

Mama yangu akacheka mpaka ungo ukaanguka.

Wakuu, nyie wote ni Waswahili. Mtu akisema "kule", ni hapo tu, unapajua. Akisema "kuleeeee" na sauti ikapanda, hapo unavuka korongo, pengine unalala njiani. Ile sauti yote ya Mama Zaina, kile kidevu, vyote mimi nilivibana kwenye herufi nne. Neno kwa neno kweli nilifikisha, ila umbali niliubakiza dukani.

Nimeipindua pindua kesi ya watu siku tatu, kumbe aliyelisha mbaazi ni mimi na kidole changu gumba.

Sasa niwe mkweli. Njia nzima ya kurudi Handeni nilikuwa nawaza kunyamaza. Wanasema mjumbe hauawi, lakini huyo aliyesema hakuwa na duka kijijini. Wakulima wakinikasirikia nimekosa nusu ya wateja, wafugaji wakinikasirikia nimekosa nusu iliyobaki. Ningeweza tu kusema "kila mtu ana haki kidogo, sameheaneni", watu wakapiga makofi, nikaonekana nina busara. Lazaro angelipa kwa kosa la nusu, Mama Zaina angebaki na kinyongo cha nusu, na mimi dokta wao.

Ilinivutia sana, sitadanganya.

Jumapili mchana, baada ya Lazaro kutoka kanisani, tukakaa mbele ya ofisi ya kitongoji. Wakulima benchi hili, wafugaji wamesimama upande ule wameegemea fimbo. Mama Zaina hamwangalii Lazaro, anamwita "huyu mtu". Lazaro naye anasema "mama huyo".

Mzee Mhando akaniita. Nikasimama.

Nikamwomba Mama Zaina aseme tena alivyoniagiza dukani. Akasema kwa hasira, "kuleeeee", kidevu juu. Nawaapia, watu wote pale, Wazigua na Wamasai, waligeuza macho kuelekea ng'ambo ya korongo.

Nikamwomba Lazaro atoe simu, mtu asome meseji. Ikasomwa. "Kule." Watu wakaangalia barabarani, lilipo shamba la nyumbani.

Nikasema: "Hiyo meseji niliiandika mimi. Mama alisema kweli, na Lazaro alitii kweli. Kosa ni langu."

Wazee wa huku wanasema wakulima na wafugaji hawapatani kwa lolote. Siku ile walipatana juu yangu. Nilisemwa Kizigua, nikasemwa Kimasai, na Mzee Mhando akamalizia kwa Kiswahili, akiniita bwana kwa Kisambaa: "Mgosi, yaani tumempa fisi alinde bucha!"

Lakini kelele zilipotulia kikatokea kitu ambacho sikukitegemea.

Lazaro akasema, taratibu, anaangalia chini: "Na mimi nina neno. Nilipoziona zile mbaazi, moyo uliniambia uliza kwanza. Nikaunyamazisha, kwa sababu nilipenda iwe zawadi."

Mama Zaina akasema: "Ulipokuja na maziwa nilijua hujui ulichofanya. Mtu mwenye hila haji na kibuyu. Nilijua, ila hasira ilikuwa imeshakuwa tamu."

Hayo mawili nisingeyapata hata ningewahoji mwezi mzima. Nilikwenda kwa kila mmoja kuchukua maelezo ya kumlaumu mwenzake, wakanipa. Aibu yangu ndiyo iliyowafungulia mlango wa kusema ya kwao.

Na hapa msinielewe vibaya. Sisemi kila ugomvi ni nusu kwa nusu. Huu haukuwa nusu kwa nusu. Kwa mizani yangu fungu kubwa lilikuwa langu, la Lazaro dogo, la Mama Zaina dogo zaidi, na ndama hakuwa na fungu lolote ingawa ndiye aliyelia kuliko wote.

Tukakubaliana hivi. Lazaro atajaza samadi kwenye shamba la mbaazi, na yule ng'ombe atakamuliwa kwa ajili ya Mama Zaina mpaka mbaazi zijazo ziive. Mimi nitatoa mbegu na kulima shamba lile kwa mkono wangu mwenyewe, jembe, siyo kumlipa mtu. Nimeshalima. Mama Zaina alikuja na kigoda akakaa kunisimamia, na kila nilipoinua mgongo aliniuliza kama Kilole kwetu ndivyo tunavyolima au naumwa.

Siku ileile tulitoka kikaoni moja kwa moja hadi kwa Mama Zaina, ng'ombe akafunguliwa. Hakuhitaji kuongozwa, alitoka mbio, na alipofika tu bomani tulisikia kilio cha ndama kimekatika. Lazaro alimfuata kwa nyuma akirukaruka kwa furaha, na Mama Zaina alinitazama akasema maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike uzi huu.

"Dokta, ungenyamaza leo, wewe ningekuamini mpaka naingia kaburini. Na yule mwanangu ningemchukia mpaka naingia kaburini. Yote mawili yangekuwa bure."

Mimi mbishi nikaenda kutafuta jembe.

Nilichojifunza ni kwamba ukipewa ugomvi wa watu, usipime tu wanaogombana. Mpime na aliyeshika mizani. Muulize kila mmoja alisema nini hasa, na mwenzake alisikia nini hasa, kisha angalia waliokaa hapo katikati.

Haya, uwanja ni wenu. Nataka hasa kusikia waliowahi kuamua ugomvi wakagundua na wao wamo. Mlisema, au mlinyamaza? Na wale mnaotaka kusema Lazaro alikuwa mjanja tu, au Mama Zaina alizidisha, karibuni pia, ila kwanza niandikieni hoja moja nzuri ya upande msioupenda.