Damu ya Fusae

Daktari Kuwabara Sumie alisomea damu miaka mingi, na kila aliporudi nyumbani Tottori, mama yake alitaka kujua jambo moja tu: huyo mwanamume wa safari hii ni kundi gani? Kwao kundi la damu ndilo tabia. Wa A ana utaratibu hadi kero, wa B hajali la mtu, wa O mkarimu, wa AB haeleweki asubuhi wala jioni. Sumie mwenyewe ni AB. Wachumba wawili walipolijua hilo waliondoka kwa adabu. Hakulia. Alipata muda zaidi wa kukaa wodini.

Huko wodini ndiko alikoletewa Bwana Inamoto, mpanga ratiba za mabasi, mwenye saratani ya damu. Dawa zilimpa nafuu, kisha zikamtupa. Ikabaki kupandikizwa uboho, ule ute wa mifupani unaotengeneza damu, kutoka kwa mtu mwingine, na aliyelingana naye akawa mmoja tu: dada yake mdogo, Fusae, mwenye kilabu cha pombe kule Yonago. Walikuwa hawasemezani tangu msiba wa baba yao, ambako Fusae alitokea watu wakinawa mikono, shughuli imekwisha, miguuni ana viatu vyekundu.

"Hakuna mwingine?" Inamoto aliuliza.

"Hakuna."

"Yule ni B, Daktari."

"Uboho haujali hilo. Ukishika, na wewe utakuwa B."

Habari ya saratani aliipokea kwa utulivu. Hii ilimtoa jasho.

"Hivi hakuna namna ya kufa nikiwa A?"

"Ipo," Sumie alisema. "Tena rahisi. Hatufanyi chochote."

Inamoto akakubali kupandikizwa.

Fusae alimtazama kaka yake kupitia kioo cha chumba cha kutengwa. Dawa kali zilikuwa zimemnyoa nywele na kumjaza vidonda mdomoni.

"Kaka, uboho wangu huo unakuja," alisema kwenye simu ya ukutani. "Sijaupiga pasi, utanisamehe."

Inamoto alijaribu kucheka, akaumia, akamtikisia kidole. Yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza baada ya miaka kumi na moja.

Uboho ukashika. Mwaka ulipokaribia kuisha, damu yake ilikuwa B tupu. Ndipo mkewe, Toyoko, alipokuja peke yake kumwona daktari.

"Mume wangu amebadilika," alisema. "Soksi anaziacha popote. Juzi tumekosa treni, yeye anacheka! Na simu na Fusae haziishi. Wanaongea nini, Mungu ndiye ajuaye."

Sumie alimpa somo alilokwisha kulitoa mara nyingi: damu hubeba hewa, haibebi tabia, na mtu aliyechungulia kaburi anaweza kuchoka kukunja soksi. Toyoko alisikiliza kwa heshima, kichwa ameinamisha.

"Nimeelewa, Daktari. Lakini hiyo B itadumu?"

"Ugonjwa usiporudi, itadumu maisha yake yote."

"Afadhali," Toyoko alisema. "Na yule A nimeishi naye miaka ishirini na sita."

Sumie alimwambia amkumbushe mumewe kuja kupimwa, basi.

Ugonjwa ulirudi mwaka wa nne. Fusae alitoa chembe nyingine za uboho wake, hazikufua dafu. Inamoto, mkewe na dada yake walikwenda kuoga kwenye chemchemi za maji moto za Misasa, wakala kaa hadi wakavimbiwa, na majuma machache baadaye Inamoto akafia wodini, asubuhi ya mvua.

Gari la maiti lilipoondoka, Sumie aliinama kwa heshima ya mwisho kwenye mlango wa nyuma wa hospitali mpaka lilipokata kona, kisha akabaki ameinama kidogo zaidi. Muuguzi aliyekuwa kando yake alidhani ni mgongo.

Alipopanda juu alikuta mgonjwa mpya, mwalimu wa kuogelea, aliyeuliza kama anyoe nywele sasa au azingoje zianguke zenyewe.

"Nyoa," Sumie alisema. "Zikianguka zenyewe zinaziba bomba la bafu."