Mwanga Niliouweka Akiba

Kaka yangu alikuwa dereva wa malori ya Zambia, na mimi, pamoja na cheti changu cha kidato cha nne, nilikuwa mlinzi wa nyumba yake pale Uyole. Kazi hiyo niliiweza. Ilidai mtu akae, na katika kukaa sijawahi kushindwa.

Siku moja, katikati ya miaka ya sabini, lami ya barabara kuu ikiwa bado ngeni machoni petu, alirudi na kibao cha plastiki nyeupe kama kioo, ukubwa wa sahani. Mchana ukikishika unaona vidole vyako upande wa pili, basi. Ukikiingiza chini ya blanketi, msalaba wa kijani unajitokeza ukiwaka bila mafuta wala betri.

"Cha Bibi hiki," alisema. "Mpelekee kule Kalenga, Iringa, wiki hii hii."

Bibi alikihitaji. Koroboi yake ilikuwa imeunguza blanketi yeye akiwa amejifunika, naye akaapa kwamba moto hautalala tena chumbani mwake. Tangu hapo alipapasa ukuta kutafuta mlango, na alikwisha kuanguka mara moja.

Wiki hii hii! Kwangu mimi safari ya Iringa si jambo la kukurupukia. Wiki ya kwanza mvua ilitishia. Ya pili kuku alikuwa ameatamia. Kufika ya sita nilikuwa nimeishiwa kuku.

Muda wote huo kibao nilikitunza kama kinavyotunzwa kwetu kitu chochote cha maana: nilikiviringisha kwenye kanga, nikakitia sandukuni, chini kabisa, pamoja na dawa ya nondo. Mafuta ya taa yalikuwa ya kutafuta, sabuni tulikata vipande. Nikaona hata huu mwanga utaisha ukiachwa ukitazamwa na kuta. Sikuchungulia hata mara moja. Nilijisifu kwamba nampelekea Bibi mwanga mzima, haujaonjwa.

Basi nililopanda hatimaye liliposimama Igawa, uzalendo ukanishinda. Nilijifunika koti kichwani, mimi na kibao. Giza. Nikakisugua. Giza vilevile.

"We kaka, unaongea na nani humo?" aliuliza mama niliyeketi naye, kikapu cha mchele mapajani.

"Naangalia kitu changu."

"Kimekufa?"

"Kimekufa, mama."

"Pole, baba." Akanimegea muhogo wa kuchoma. Nadhani alifikiri nimebeba kifaranga.

Kutoka pale hadi Iringa nilitunga uongo. Niliopenda zaidi ulisema kaka kauziwa kitu kibovu huko Zambia. Lakini kesho yake asubuhi, nilipoingia uani Kalenga, Bibi aliniwahi kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene, mume wangu! Umekuja kwa magoti? Barua ya kaka yako ilisema uko njiani, nami nilisomewa mwezi uliopita!"

Uongo wote ukaniponyoka. "Bibi, nimekiua. Nilikifungia sandukuni ili mwanga usiishe."

Alikichukua, akakinusa, akakunja uso. "Kinanuka dawa ya nondo. Kitu kikitoka sandukuni huanikwa." Akakilaza mkekani juani, katikati ya maharage yake, akaenda jikoni. Mimi nikakaa kando ya kibao kama mtu anayeuguza.

Baada ya kula, Bibi alikikung'uta maharage, akaingia nacho chumbani, akavuta mlango. Halafu nikasikia kicheko.

"Njoo uone, mharibifu!"

Msalaba ulikuwa unawaka, kijani kibichi, hata ukingo wa mlango nikauona. Ila ulikuwa na madoadoa meusi, na kila doa lilikuwa na umbo la harage.

Bibi aligusa doa moja kwa kidole. "Kumbe kinakula jua. Palipokaa harage, hakikula. Na wewe umekinyima chakula wiki sita!"

Nikakaa kitandani kwake bila kukaribishwa. Sijawahi kufurahia kuitwa mjinga kiasi kile.

"Kitawaka mpaka asubuhi, Bibi?"

"Kikiwaka mpaka usingizi unichukue, kinanitosha. Mlango nitakuwa nimeshauona." Akanitazama juu mpaka chini kwa mwanga ule wa kijani. "Na wewe nenda nje ukakae mkekani. Naona sandukuni mlikuwa wawili."

Nikaenda. Kibao kilifuata, nacho safari hii kiliwekwa mbali na maharage.