Koti Namba Arobaini na Moja

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwake ni vidole: vimepauka kwa chaki ya kushonea, hata siku za msiba. Ni fundi cherehani, na marehemu kaka yake, seremala, alimtaja kwenye wosia kuwa msimamizi wa mirathi.

Karani wa mahakama alimweleza kazi za mwanzo: atafute cheti cha kifo, afunge karakana, aorodheshe kila kilichomo, na pasigawiwe hata msumari kabla hakimu hajamthibitisha. Basi akanunua kufuli jipya, akaingia karakanani na kuandika namba kwa chaki juu ya kila kitu, kama anavyofanya kwenye vipande vya nguo. Misumeno, meza, hata ngazi mbovu. Alipofika arobaini, alisimama ghafla. Pale ilipokuwa mashine ya randa palibaki matundu manne ya skrubu sakafuni.

"Wifi, mashine iko wapi?"

Mjane aliinamisha kichwa. "Shemeji aliichukua jana. Eti ukumbusho."

"Ukumbusho gani unabebwa na wanaume wanne? Picha hazikumtosha?"

Bila mashine ile, karakana ni banda tu, na mjane amefanya kazi humo bega kwa bega na mumewe miaka kumi na miwili. Fundi hakungoja. Alimkuta shemeji huyo, kaka yao mkubwa, barazani kwake, miguu juu ya stuli, amevaa koti la marehemu. Koti alilolishona yeye mwenyewe!

"Shikamoo, kaka. Rudisha mashine."

"Marahaba. Siku hizi unanihoji kama polisi? Mkubwa wa familia hii ni mimi."

"Ukubwa wako haujaandikwa kwenye wosia." Akamzunguka, akachora mgongoni: 41.

"We! Unanitia namba kama gunia?"

"Koti ndilo lenye namba, kaka. Wewe humo ndani ni mzigo tu."

Ndani ya nyumba mke wa kaka mkubwa aliangua kicheko. Kaka mkubwa akasonya. "Tutaonana huko huko mahakamani."

"Alhamisi, saa tatu. Uje na mashine."

Sasa ni Alhamisi. Mawifi wawili wamekaa kwenye benchi la korido, orodha imesainiwa na mashahidi, na mashine imeandikwa humo pamoja na jina la aliyeichukua. Upande wa pili kaka mkubwa anaangalia viatu vyake. Karani anatoka na faili, anakohoa. Mawifi wamesimama kabla hajataja jina.