Bendera ya Pamba

Mama Francine amekuwa fundi cherehani kwenye barabara ya Coventry, Small Heath, kwa miaka tisa, na miaka sita ya mwisho mimi ndiye ninayempigia pasi. Duka ni chumba kimoja, katikati ya duka la mazulia na la Abdulnasir anayetengeneza simu. Mteja akiingia humwona Mama Francine kwanza, kwa sababu ni mnene na hucheka kwa sauti. Mimi hukaa nyuma ya pazia na mvuke wangu, na hapo pananifaa.

Alizaliwa Masisi, akakulia Goma, akafika Birmingham na watoto wawili, bila koti, mwezi wa pili. Kanisa letu ndilo lililompa koti. Hilo hakulisahau kamwe. Alishona sare za kwaya, mapazia ya ukumbi, na bendera tatu zinazosimama mbele: ya Kongo, ya Uingereza na ya Israeli. Hiyo ya Israeli aliifumua mara mbili mpaka pembe zote sita za nyota zikalingana. Kila Jumapili tuliiombea Israeli, na tangu vita vilipoanza tuliwaombea mateka kwa majina yao.

Mama yake Abdulnasir aliitwa Bibi Sabiha, mtu wa miaka themanini na mitatu. Alizaliwa kijijini karibu na Akka, Palestina, akabebwa mgongoni mpaka Lebanoni akiwa na miaka sita. Tangu hapo karatasi zake zote ziliandikwa kwamba hana nchi. Mwanawe alipomleta Birmingham, karatasi mpya zikaandikwa vilevile. Kila siku saa nne asubuhi alikuja dukani kwetu, akaketi kwenye kiti cha dirishani na kitambaa chake, akatarizi. Mama Francine alimsemesha Kiswahili, yeye akajibu Kiarabu. Maneno waliyoelewana yalikuwa kahawa, sukari na dakika, na yaliwatosha.

Siku moja Abdulnasir alikuja kumchukua mama yake, akamwuliza Mama Francine kwa Kiingereza, "Dada, ninyi kwenu mna nchi kabisa?"

"Tunayo. Bendera, wimbo, na kiti huko Umoja wa Mataifa."

"Mna bahati."

"Kaka yangu alikuwa na hivyo vyote siku ile walipomwua."

Kaka yake, Deogratias, alikuwa seremala. Alikufa Januari, Goma ilipoanguka, akatiwa shimoni pamoja na watu ambao hakuna aliyewahesabu vizuri. Miezi minane Mama Francine alihangaika apate ibada ya kuondoa matanga yake: ukumbi uwe wazi, kwaya iwepo, ndugu wa Leicester na Manchester wapate ruhusa kazini. Mwishowe mchungaji alimpa Jumamosi, tarehe ishirini na saba ya mwezi wa tisa.

Jumapili iliyotangulia, Uingereza ikatangaza kwamba inaitambua Palestina kuwa dola. Magari yalipiga honi barabara nzima. Jumatatu Bibi Sabiha alikuja kama kawaida, akasema maneno marefu, na mwanawe akatafsiri huku akicheka.

"Anauliza, sasa kitambulisho kinachukuliwa wapi?"

"Mwambie aende posta," akasema Mama Francine, "lakini awahi, foleni itakuwa ndefu."

Abdulnasir alitafsiri. Bibi hakuona mzaha. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepanga safari ya kesho.

Alikufa usiku huohuo, usingizini.

Jumanne asubuhi Abdulnasir aliingia na macho mekundu. Mama Marlène, mke wa mchungaji, alikuwa dukani amekuja kutazama sare za kwaya za Jumamosi. Abdulnasir alitusalimu sote, hata mimi nyuma ya pazia, kisha akamwomba Mama Francine amshonee bendera ya Palestina ya kufunika jeneza la mama yake njiani.

"Ya pamba," alisema. "Zile za nailoni zinauzwa kila kona, lakini mama alizichukia. Alisema nailoni humtoa jasho hata maiti."

Mama Francine alishika futi iliyokuwa shingoni mwake. Mama Marlène alimngoja Abdulnasir atoke nje kupokea simu, ndipo akasema.

"Francine, hutashona kitu kile."

"Sijasema nitashona."

"Na hujasema hutashona. Jumamosi ni siku ya kaka yako. Mchungaji atasimama mbele ya ile nyota uliyoishona kwa mkono wako. Wale vijana waliotekwa bado wako kwenye mahandaki, tunawalilia kila juma. Watu wataniuliza mimi."

"Mama Marlène, ni bibi amekufa."

"Bibi apumzike kwa amani. Sisemi juu ya bibi, nasema juu ya bendera. Au utashona zote, ufungue ubalozi hapa?"

Alicheka peke yake. Mama Francine aliogopa, niliona. Hakuliogopa kanisa kama kanisa. Aliogopa Jumamosi itaponyoka, na Deogratias atabaki bila hata siku moja yake.

Abdulnasir aliporudi, Mama Francine alimwuliza, "Dada yako anakuja kuzika?"

"Ameomba visa, yuko Lebanoni."

"Basi nipe mpaka Jumatatu. Wiki hii nina kazi ya kanisa."

"Jumatatu," akarudia Abdulnasir, kama mtu anayeonja chakula. Kisha akasema, "Sawa, dada. Mungu akulipe." Si mtu wa kuomba mara mbili.

Mama Francine alikuwa amehesabu kwa desturi yetu. Kwetu maiti humngoja ndugu wa mwisho afike. Hapa Uingereza tumengoja hata majuma matatu. Lakini mimi nilijua. Nilipokuwa ghalani Nechells, Khatib tuliyefanya naye kazi alifiwa na baba yake jioni, na kesho yake alasiri alikuwa amekwisha kumzika. Nilitaka kutoka niseme. Mama Marlène alikuwa bado amesimama pale, nami nikaona nitasema akiondoka. Alipoondoka, Mama Francine aliwasha cherehani, na nikaona nitasema kesho. Wiki ile Abdulnasir hakufungua duka tena.

Ibada ya Jumamosi ilikwenda vizuri. Kwaya iliimba, ndugu walifika, picha ya Deogratias ilisimamishwa kati ya maua. Mchungaji alisema Kongo ni nchi kamili mbele ya mataifa yote, watu wakaitikia amina. Mama Francine alilia kidogo tu.

Jumatatu alifungua duka saa moja. Alikata pamba nyeusi, nyeupe, ya kijani, na pembetatu nyekundu. Nyeupe ilitoka kwenye jora lilelile la bendera ya Israeli ya kanisani. Nilipiga pasi polepole mpaka mishono ikalala. Saa sita akaipeleka mwenyewe, nami nikasimama mlangoni.

Abdulnasir alikuwa ameinamia simu ya mteja.

"Ndugu yangu, nimeileta."

Aliitazama. "Mama tulimzika Jumatano, dada."

"Na dada yako?"

"Aliangalia kwenye simu. Visa wamekataa."

"Mlimfunika nini?"

"Rafiki alinunua moja pale kwenye kona."

Alipitisha kidole kwenye upindo. "Mshono mzuri," akasema. Akaikunja, akaiweka chini ya meza, akaomba radhi kwamba mteja anangoja.

Mama Francine alirudi, akaketi kwenye cherehani bila kukanyaga.

"Kwetu tungengoja," alisema. Baadaye akageukia pazia. "Wewe ulijua kwamba wao huzika haraka hivi?"

"Nilijua."

Alivuta suruali moja kutoka kwenye rundo, akanirushia.

"Hii inatakiwa saa tisa," akasema.